Wizara Yatangaza Utulivu Hewani

Wizara ina heshima kuutangazia umma kwamba mji sasa umetulia rasmi. Natangaza hivyo nikiwa Mkurugenzi Msaidizi wa Utulivu wa Umma, cheo ambacho hakikuwepo mpaka nilipokiomba.

Yote yalianzia kwenye kipindi kidogo cha redio ya serikali. Mtangazaji wake, mama mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alikuwa akipiga muziki usio na maneno: filimbi isiyo na haraka ya kufika popote, kinanda kinachogusa sauti moja na kuiacha ififie yenyewe. Sisi wakubwa tuliuita muziki wa kumsubiria daktari.

Kisha mabomba ya mji yakakauka. Watu walijazana kwenye ofisi ya maji na ndoo tupu, wakafoka mpaka karani wa dirishani akawa anafanyia kazi chini ya meza. Siku moja mlinzi akawasha redio yake saa ya kipindi kile. Kelele zikapungua. Watu wakakalia ndoo zao, wakafumba macho, na karani akatoka mafichoni akanywa chai.

Niliona mbali. Kwa ushauri wangu, Wizara iliunda Kikosi Kazi cha Mkakati Shirikishi wa Utulivu Endelevu. Kipindi kikarushwa asubuhi, mchana na jioni, na spika zikafungwa katika kila ofisi ya maji, kwa fungu la fedha zilizotengewa mabomba. Wenye midomo yao walisema sana. Hawaelewi kwamba bomba humfikia mwenye nyumba tu, lakini spika humfikia kila mwenye masikio.

Mtangazaji peke yake alinuna. Alikuja ofisini kwangu akasema, "Bosi, muziki huu si wa kunyamazisha watu. Ni wa kuwapa nafasi ya kufikiri." Nilimwambia atulie, maana ndiyo kazi tuliyompa.

Kipindi kilipovuma, Waziri naye akautaka utamu. Alifika studio, nami nikiwa pembeni yake, kupokea pongezi za wasikilizaji moja kwa moja hewani. Alisema wananchi wamekomaa, hawalalamiki tena. Simu ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja aliyekuwa foleni ofisi ya maji.

"Hujambo mwanangu Waziri," alisema polepole. "Zamani nilikuwa nafoka tu, hata swali lenyewe silijui. Sasa nimekaa, nimesikiliza, nimewaza vizuri. Bustani yako inamwagiliwa kila asubuhi. Yale maji yanatoka wapi?"

Waziri alifungua mdomo, akaufunga. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari.

Katika kipindi kingine chochote, fundi mitambo angeziba pengo kwa wimbo. Kwenye hiki, nilikuwa nimemwagiza mwenyewe kwamba ukimya ni sehemu ya muziki, asiukate. Hakuukata. Spika zote zikarusha pumzi za Waziri.

"Mpenzi msikilizaji," mtangazaji alisema kwa upole, "uko na Mheshimiwa Waziri. Tutakaa naye mpaka ajibu."

Watu waliokuwa kwenye ofisi za maji hawakumsubiri. Waliinuka bila kusukumana, wakashika ndoo zao, wakapanga foleni iliyonyooka kuliko zote nilizowahi kuona, kuelekea kwenye bustani ya Waziri. Mke wangu alikuwa karibu na mbele. Jioni Waziri aliwapigia polisi kuwauliza kwa nini hawakuwazuia. Walimjibu kwamba waliangalia kila mahali, hawakuona fujo yoyote.