Nilibeba Ngazi Mwenyewe Mpaka Tandika

Kwenye kazi hii ya kupangisha nyumba hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mie. Hiyo ndiyo kauli yangu, mnanijua. Basi leo nimeshangazwa, tena mbele ya kadamnasi, ngazi begani. Nawaandikia leo leo nyie jamaa zangu wenye nyumba wa Kigamboni, maana kesho habari itavuka na pantoni, na nataka yangu itangulie.

Mnajua nilikotoka. Darasa la nne, na lenyewe sikulimaliza. Niliingia mji huu nikiuza maji ya ndoo, leo nina nyumba tatu, zote za bati. (Wenye digrii wamepanga kwangu.)

Hiyo ya Tandika ina vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule. Chumba cha mbele kinatazama barabara. Humo anakaa Mama Zuhura, muuza chapati, pamoja na mama yake mzazi, Bi Mwanaidi, ambaye miezi mitano hii alikuwa hanyanyuki kitandani. Kodi analipa vizuri, sina neno. Lakini siku hizi ni ruksa, kila mwenye chumba cha barabarani anatoboa ukuta anafungua duka. Na mie nilishapata mtu: sista mmoja anaitwa Stella, anataka kuweka saluni, kanilipa mwaka mzima mkononi.

Nikamwambia Mama Zuhura ahame. Akanijibu kwa adabu, "Baba Masanja, nisubirie mama apate nafuu kidogo." Nikasubiri miezi miwili. Miwili! Nani kati yenu angesubiri?

Ndiyo nikaamua kutumia dawa yetu ile. Unaezua bati za juu ya chumba, unasema ni ukarabati, mpangaji anahama mwenyewe bila kufikishana kwenye baraza. (Msijifanye hamuijui. Nani aliwafundisha?) Nikamwambia Stella alete vitu vyake leo saa nne.

Saa mbili na nusu nikatoka na fundi Saidi. Yeye kabeba nyundo na mtalimbo, mie nimebeba ngazi. (Ukibeba ngazi mwenyewe fundi anapunguza bei. Hivyo ndivyo watu tunavyojenga.)

Tulipokata kona nikaona watu. Wanaume kama thelathini wamejaa mbele ya nyumba yangu. Nikajua hapo hapo: Mama Zuhura kaniletea watu. Mie huyu! Sikungoja hata kufika.

"Hata mkija Tandika nzima!" nikapaza sauti. "Leo bati zinashuka! Nyumba yangu, jasho langu!"

Watu thelathini wakageuka kunitazama. Nikadhani wameniogopa. Nikaongeza, "Na anayebisha asogee hapa!"

Akasogea mmoja. Mzee Athumani, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Akanishika mkono, ule usio na ngazi.

"Masanja, teremsha sauti. Bi Mwanaidi hatunaye. Ametutoka alfajiri."

Hapo ndipo nikaiona mikeka. Hapo ndipo nikasikia kilio cha wanawake kutoka ndani. Macho yangu yalikuwa juu kwenye bati muda wote, chini sikutazama.

Sasa watu wote wanaitazama ngazi. Mzee Athumani naye akaitazama, kisha akanitazama mie. Alijua. Halafu akasema kwa sauti, wote wasikie: "Umekuja kutufungia turubai, siyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Shikamoo, Mzee."

"Na hizo bati zinazoshuka?" akauliza jamaa mmoja aliyeegemea ukuta. (Kila msiba una mtu wa namna hiyo.)

"Bati... ninazo nyumbani, stoo. Za kuwakinga wapishi na jua. Nimesema zishushwe ziletwe."

Fundi Saidi akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Basi ngazi ikaegemezwa ukutani, Saidi akapanda. Turubai nikakodi mie. Mchele nikanunua mie. Bati sita mpya nilizoziweka kwa ajili ya nyumba ya nne zikaja kwa mkokoteni, zikaezekwa jikoni kwa wapishi. Kufikia saa nne nimekaa mkekani, watu wananipa mkono. "Mwenye nyumba, una utu." "Wenye nyumba wengine wangejificha." Nikaanza kuamini na mie.

Ikafunga breki pikapu. Kwenye bodi kuna kioo cha saluni kirefu kuliko mlango, kimetuelekea sisi. Akashuka Stella.

"Baba Masanja! Mbona bati bado zipo juu? Si uliniambia mpaka saa nne utakuwa umeshaezua, yule mama kahama?"

Jamani.

Kwenye kile kioo nilijiona nilivyokaa. Nyuma yangu watu thelathini, kila mmoja ananitazama kisogoni. Yule jamaa wa ukutani akasema, "Eheee!" Basi.

Mama Zuhura akatokea mlangoni, kanga kichwani, macho yamevimba. Laiti angenitukana!

"Baba Masanja, ngazi haikuwa na haja," alisema taratibu. "Vyombo nilishafunga tangu juzi. Mama mwenyewe ndiye aliyesema tukuachie chumba chako, tusife kwa mtu anayetuhesabia siku. Tulikuwa tunaondoka leo."

Akaonyesha ukutani. Mabunda mawili na kikaango cha chapati. Ngazi yangu imeegemea juu yake.

"Fungua vyombo, Mama Zuhura," nikasema. "Kaa."

"Niache nimzike mama yangu kwanza."

Tukazika alasiri. Nilishika chepeo nikafukia mpaka mikono ikachubuka, na hakuna aliyenipokea. Tuliporudi Mama Zuhura akaniambia, "Nitakaa mpaka arobaini ya mama. Halafu nitahama kwa miguu yangu." Nikamjibu kodi ya siku hizo sitaki. Akasema atalipa.

Stella naye alijitanda kanga, akashinda ndani na wanawake. Wakati wa kutoka akanong'ona, "Jumatatu nakuja kuchukua hela yangu yote." Nitampa. Dereva wa pikapu hakunong'ona: "Mzee, kunisubirisha kutwa nzima analipa nani?"

Wenye nyumba wenzangu, kabla hamjapanda paani, bisheni hodi mlangoni. Na mkitaka kucheka, chekeni huko huko ng'ambo. Turubai, mchele, pikapu, bati sita (nani atakwenda kuzidai?), na fundi Saidi, ambaye hakung'oa hata msumari lakini kadai malipo ya siku nzima. Jumla yake yote: shilingi elfu sitini na moja, mia nne na hamsini.