Kifungo cha Jino la Tatu

Jumanne, 4 Agosti

Kimepotea kifungo kimoja cha chuma, cha jino la tatu juu kushoto, mali ya binti yangu wa miaka kumi na moja. Kimepotea jana Jumatatu, bafuni, kati ya saa moja na robo na saa moja na nusu jioni. Daktari wa meno alibandika vifungo ishirini vya kunyooshea meno. Leo asubuhi nimehesabu mara tatu, kwa tochi. Kumi na tisa. Waya unapita juu ya lile jino kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo.

Nani kafanya? Nitajua tu. Mimi si mtu wa kuchezewa. Nilianza kuosha magari kwa ndoo moja na soksi kuukuu. Leo nina mashine mbili za presha na wafanyakazi wanne. Hakuna aliyenishika mkono. Uchafu naujua hadi jina la ukoo wake.

Tatizo ni Jumamosi, siku ya kliniki. Kila mtoto mwenye vyuma ana kadi. Meno machafu, alama nyekundu. Chuma kuvunjika kwa uzembe, alama nyekundu. Zikifika tatu daktari anavua vyuma vyote, maana meno yanaoza chini yake na yeye hataki kushiriki dhambi hiyo. Binti tayari ana moja, ya utando. Hesabu ni rahisi: meno machafu Jumamosi, pamoja na kifungo hiki, ni tatu. Kwisha! Na huyu mtoto kwa miaka miwili amecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndiyo kwanza ameanza kusahau kuziba.

Mtuhumiwa wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Profesa kwa sababu hajibu maswali aliyoulizwa tu, hujibu na ambayo hakuulizwa. Jumapili alimpa Binti tofi. Nilimwona! Mwanawe pia ana vyuma, miezi kumi sasa, hakijang'oka hata kimoja, na hakuna mlo tunaokula naye bila kukumbushwa.

Mtuhumiwa wa pili ni mke wangu. Karoti mbichi.

Kwa ukamilifu wa kumbukumbu: jana jioni nilimsaidia Binti kutoa kipande cha nyama kilichonasa kwenye waya. Nilitumia bisibisi ndogo ya kazini, ile ya dashibodi. Niliichemsha kwanza. Haihusiki.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango umekamilika. Meno ishirini yenye vifungo, kila jino mipigo kumi na miwili ya mswaki, mara tatu kwa siku: mipigo mia saba na ishirini. Nimechora rejista, nimeibandika mlango wa bafuni. Nafasi ya saa, nafasi ya mipigo, nafasi ya sahihi yangu.

Asubuhi nilisimama mlangoni nikihesabu kwa sauti. Tulikwenda vizuri hadi mia moja themanini na saba. Mke wangu akaniuliza chumvi iko wapi. Nikapoteza hesabu! Nikaamuru tuanze upya. Binti akaenda shule amechelewa dakika ishirini na mbili, povu kidevuni. Mke wangu akasema mtoto ana shule moja tayari, hahitaji ya pili humu ndani, tena ya jeshi.

Nikamwuliza kuhusu karoti. Akasema karoti huzikata vipande vyembamba kama njiti, kama alivyoelekeza daktari, na kama ningekuwa nasikiliza kliniki badala ya kuhesabu vigae vya dari ningejua. (Ni mia moja na nane.)

Jioni Binti akaomba aachwe peke yake. Akaingia na kile kibrashi chembamba alichopewa na daktari, akawa anakipitisha chini ya waya, jino baada ya jino, huku akiimba kwa pua. Dakika kumi na moja. Hakuhesabu hata mpigo mmoja! Sijui mtu wa namna hiyo atafika wapi maishani.

Alhamisi, 6 Agosti

Aibu. Naandika kwa ufupi.

Gari halisuguliwi kwa mswaki. Gari hupigwa maji. Kwa hiyo nilileta kutoka kazini bomba dogo la kunyunyizia, la lita moja na nusu, jipya, halijawahi kugusa sabuni. Leo asubuhi nikapampu mara arobaini. Kazini tunapampu mara ishirini, lakini huyu ni mwanangu.

Binti akaniuliza nina uhakika. Nikamwambia baba yake ameosha magari elfu kumi na moja. Akasema yeye si gari. Nikamwambia afungue mdomo.

Maji yalimpiga kwenye shavu, yakaenda kwenye kioo, yakarudi kwangu, yakapanda hadi kwenye taa. Taa ikapasuka. Mke wangu alikuwa mlangoni, nywele ametengeneza jana. Hazikuwa tena nywele za jana. Alichukua taulo moja akampa mtoto, ya pili akajifuta. Hapakuwa na ya tatu.

Asubuhi hiyo hiyo Povu, msimamizi wa vijana wangu pale kazini, aliniona nikirudisha bomba nimelowa hadi soksi. Akauliza, kwa adabu zote, kama bosi amepita kwenye mashine kwa hiari yake au alisukumwa.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimempata mhalifu. Afadhali nisingempata.

Saa tano asubuhi Povu alikuwa anafungua kifuniko cha dashibodi ya gari la mteja. Akaniita. Bosi, njoo uone, hii skrubu ni ya wapi? Akanionyesha ncha ya bisibisi. Bisibisi yangu ndogo ina sumaku, ili skrubu zisianguke. Pale kwenye ncha palikuwa na kitu kidogo cha chuma, kama punje ya mchele yenye mbawa. Kimeng'ang'ania.

Ningeweza kusema. Nikasema tutafute ilikotoka. Robo saa nzima, Povu na vijana wawili wamelala chini ya viti vya gari la watu wakitafuta tundu la skrubu ambayo mimi nilijua ni ya mdomoni! Mwisho nikatangaza kwamba ni ya mashine ya kufyonza vumbi. Povu akasema mashine ya kufyonza vumbi haina meno. Sijui alimaanisha nini. Nadhani hakumaanisha kitu. Sasa ni saa saba usiku, na bado... hapana, sitaandika kuhusu kulala.

Nimekifunga kifungo kwenye karatasi, kiko mfuko wa shati. Nimefuta majina ya watuhumiwa. La Profesa nimelifuta kwa mstari mmoja tu, mwembamba. Tofi bado ni tofi.

Kesho nitasema ukweli. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, mara sita. Mara nne nilitamka vizuri.

Jumamosi, 8 Agosti

Kliniki saa tatu. Na nani yuko kwenye benchi, kando kabisa ya mlango wa daktari, na mwanawe mwenye meno yanayong'aa kama vijiko vya sanduku? Profesa! Akatusalimu, akamwuliza Binti vifungo ni vingapi leo. Mlango wa daktari hauna kitasa, haufungiki sawasawa. Shingo ya Profesa ikarefuka.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye macho ya polisi, akatazama kinywa. Akauliza jino la tatu limefanyaje.

Nikafungua mdomo. Mara sita mbele ya kioo! Hakikutoka kitu.

Binti akasema, "Nilitafuna barafu."

Hivi hivi. Bila kunitazama. Daktari akamwambia mtoto mkubwa kama yeye anajua barafu ni mwiko, amesikitika. Akachukua kalamu nyekundu. Alama ya pili. Nami nimekaa pale na kifungo mfukoni, kando ya moyo, nikitazama bango la ukutani lenye picha ya jino linalocheka.

Daktari akauliza kama kifungo kilipatikana. Nikatoa karatasi. Akakigeuza kwenye mwanga. Akasema barafu ya siku hizi ina makucha, maana chuma hiki kina mikwaruzo mitatu iliyonyooka. Akanitazama. Nikatazama jino linalocheka.

Kisha kidonge cha rangi, cha kuonyesha utando. Unatafuna, unasukutua, palipo na uchafu panageuka zambarau. Akasema mzazi naye atafune, mtoto asijione yuko mahakamani peke yake. Nikatafuna kwa kujiamini.

Binti: madoa mawili, madogo, jino la nyuma. Daktari akapiga makofi! Meno safi, hakuna alama ya tatu, vyuma vinabaki. Hakutaka kuamini kwamba ni mtoto yule yule wa mwezi uliopita. Binti akasema ni kibrashi, taratibu, dakika kumi na moja, akiachwa peke yake.

Mimi: zambarau. Mdomo wote. Juu, chini, ulimi. Daktari akaniinulia kioo akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefunua kifuniko cha choo.

Tukatoka. Profesa akanitakia siku njema. Nikasahau, nikatabasamu.

Benchi zima likacheka.

Jumapili, 9 Agosti

Mdomo bado zambarau kidogo. Sikutoka.

Baada ya chakula nikamwita Binti. Nikamwambia kuna jambo zito, akae. Nikazunguka sana: sumaku, ubora wa vyuma vya siku hizi, unyevu. Mwisho nikasema. Kifungo nilikivunja mimi.

Akasema, "Baba, najua. Kinywa kilikuwa changu."

Kweli. Katika hesabu zangu zote sikuwahi kulihesabu hilo.

Nikamwuliza kwa nini basi barafu. Akasema Mjomba alikuwa nje na mlango hauna kitasa, na mimi sipendi Mjomba anicheke. Akasema kama anayeeleza hali ya hewa. Ameacha apigwe alama nyekundu, imebaki moja tu avuliwe kila kitu, ili mimi nisichekwe na mtu mmoja kwenye benchi. Kisha nikachekwa na kumi na mbili.

Nimeosha vyombo vyote vya mchana. Hakuna aliyeniomba.

Jumatatu, 10 Agosti

Saa mbili na robo asubuhi nikampigia daktari. Nikasema, "Daktari, ile barafu ni mimi." Akasema alikuwa anasubiri simu, alikuwa amenipa hadi saa nne. Amefuta alama ya Binti, amebaki na moja. Kisha amenifungulia kadi mimi! Alama moja ya kifungo, ya pili ya zambarau. Nina mbili. Akaniapisha: chombo chochote cha kazini kisiingie tena kinywani mwa mtoto. Waya ukichoma, kuna nta ya kuzibia, kisha tumlete. Nikaapa. Nilijisikia mtu mpya, mwepesi. Nilimpa Povu mapumziko ya nusu saa.

Saa kumi alasiri Binti karudi kutoka shule. Ncha ya waya imechomoza nyuma, inamchoma shavu. Mama yake akaziba kwa nta, akapanga miadi ya kesho asubuhi. Vizuri. Lakini nimetazama. Ni milimita mbili! Mbili! Kugeuza kiganja mara moja tu, na kesho hakuna kupoteza saa nzima kliniki. Safari hii ningeifunga bisibisi kitambaa. Kitambaa si chombo cha kazini.

Nimechemsha maji. Nimefungua sanduku la zana. Bisibisi haipo! Nimemwuliza mke wangu, akasema ipi. Nimemwuliza Binti, akasema yeye hana mifuko. Nimempigia Povu, akasema ameitafuta kote, mpaka mdomoni. Wote watatu wamejibu haraka mno.

Kwa hiyo nimebandika mlango wa bafuni, juu ya rejista, tangazo lifuatalo:

Imepotea bisibisi moja ndogo, ya sumaku, mpini mwekundu, leo kati ya saa mbili na robo asubuhi na saa kumi alasiri. Nani kaichukua? Sitaki methali, sitaki kicheko, sitaki kuulizwa ipi. Nataka jibu la moja kwa moja, kwa mdomo uliosafishwa, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo.