Mtazamaji Pekee wa Laivu ya Mablanketi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa suti.

Wengi mnajua kazi yangu: natangaza biashara za watu mtandaoni. Msichojua ni kwamba biashara yenyewe iko mahututi. Mwenye saluni kaniacha. Mwenye gesti akafuata, akaniambia, "Laiki haziliwi." Nimebakiwa na mteja mmoja tu hapa Mbeya: Mzee Suleiman, anayeuza mablanketi na masweta kule Mbalizi. Mtu wa swala tano, mpole, na mambo ya mtandao hayajui hata kidogo. (Ndiyo maana alikuwa bado yuko na mimi.)

Nikamwahidi: "Mzee, leo tunaenda laivu. Kwa baridi hii watu watagombania!"

Nilijiamini. Nina wafuasi wengi. (Walikuja kwa ajili ya video za mbuzi wa jirani yangu. Sijui nani alinidanganya kwamba mpenda mbuzi atanunua blanketi.)

Mzee akafurahi, akawaalika wenye maduka wenzake waje washuhudie. Moyoni nikasema, hawa wote wateja wangu wapya! Nikaunganisha simu na runinga kubwa ya dukani ili kila mtu aone komenti zikimiminika.

Nikaanza. "Habari zenu wapendwa, karibuni!"

Watazamaji: sifuri.

Nikajifunika blanketi. Nikalikunja, nikalikunjua. Nikazunguka nalo kama bibi harusi. Jasho linanitoka, Mbeya hii hii yenye baridi! Bado sifuri.

"Hao watu wako wapi, kijana?" mzee akauliza.

"Wanaingia, mzee. Mtandao unasumbua."

Kweli, akaingia mmoja. Nikapiga kelele kama nimeona mwezi wa Idi: "Karibu sana mpendwa! Tuandikie uko wapi!"

Komenti ikatokea kwenye runinga, herufi kubwa kama bango:

"KAMWENE MWANANGU. NIKO IPOGOLO SI UNAJUA. UMEKULA?"

Mama yangu mzazi, na salamu yake ya Kihehe kutoka Iringa!

Duka zima likanigeukia. Nikajifanya sijaona, nikaendelea kulisifia blanketi. Mama naye akaendelea:

"MBONA UMEKONDA. HIYO SUTI SI YA MJOMBA WAKO?"

"LILE TUMBO LIMEACHA KUENDESHA?"

Bwana Dinesh wa duka la vyombo akatoka nje kucheka. Akarudi macho mekundu. Akatoka tena.

Nikanyoosha mkono nizime. Mzee Suleiman akanizuia. "Acha. Mjibu mzazi wako."

Basi nikamjibu mama, laivu, mbele ya wafanyabiashara wa Mbalizi, kwamba tumbo limepona. (Ardhi ya Mbeya huwa inatetemeka siku nyingine. Leo, nilipotaka ipasuke inimeze, ilitulia tuli.)

Mara mama akaandika: "HILO LA KIJANI BEI GANI?"

Mzee akanipokonya simu, akamtajia bei mwenyewe.

"PUNGUZA BABA, MIMI MJANE."

(Baba yuko hai! Yuko shambani anapalilia!)

Mzee akamhurumia, akapunguza. Blanketi likapakiwa kwenye basi la Iringa mchana huo huo. Hayo ndiyo mauzo pekee ya siku.

Nikazima. Wenye maduka wakaondoka, hakuna hata mmoja aliyeniomba namba. Mzee Suleiman akaniwekea mkono begani. "Kijana, Mwenyezi Mungu atakufungulia riziki. Ila si hapa kwangu."

Nikajikokota mpaka kituoni, nikakaa kwenye benchi na suti yangu. Machozi yananilenga. Simu ikaita. Mama! Nikajua tu anataka kunifariji.

"Wewe, mbona umezima? Mama Neema ndiyo kwanza kafika na miwani yake! Nimewaita majirani wote, tumekaa hapa tunasubiri!"

Ndugu zangu, mwenye kazi ya aina yoyote ile anitafute. Mwenye kicheko akamalizie kwao.