Mama Mkwe Dhidi ya Maroboti

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa ndiyo siku. Mwongozaji anakuja hapa nyumbani kuona gemu tunayoitengeneza kutokana na filamu yake, ile ya Kapteni anayepigana peke yake na maroboti kwenye kituo cha angani. Asiporidhika, kazi inakwenda kwa kampuni kubwa yenye lifti ya vioo. Na mimi niliacha kazi ya kutengeneza printa kwa ajili ya gemu hii! Kituo tayari. Maroboti mia mbili na arobaini, tayari. Kapteni ndiye hajui hata kutembea. Mwanasarakasi aliyekuwa avae vihisio, vile vidude vya kufunga kwenye viungo ili kompyuta inase miondoko ya mwili, ameteguka kifundo cha mguu. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye shahada, kasema tuombe muda. Miaka minne chuoni, kajifunza kuomba muda! Mimi niliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga tena nimemwambia aniachie. Mtu atapatikana.

Jumanne, 4 Juni
Kapatikana. Mama mkwe! Yuko kwetu tangu wiki iliyopita, mwili mwepesi, hana neno. Tatizo: utamwambiaje mama mzaa chema apigane? Nikamwambia ni vifaa vya kupima magoti. Akaniita mwanangu mwenye huruma, akajifunga mikanda mwenyewe. Tatizo la pili: mkwe hatazamwi akirusha teke. Nina adabu zangu. Nikageukia ukuta wa sebule, nikawa natoa maelekezo: Mama, inama. Mama, nyoosha mkono juu. Mama, piga kwa nguvu. Akauliza apige nini. Nikasema chochote kilicho mbele yake. Vishindo nilivyovisikia! Shemeji nimemwambia nimepata mcheza karate.

Jumatano, 5 Juni
Ole wangu. Tumemwingiza Kapteni kwenye gemu. Mlango wa kituo ukafunguka, maroboti sita wakaelekeza bunduki. Kapteni akainama, akaokota kitu, akakipuliza vumbi, akakikunja vizuri, akakiweka kando. Kisha akanyoosha mkono juu na kuondoa utando wa buibui, huko angani. Wakampiga risasi. Yeye akamshika roboti wa kwanza, akamkung'uta kama mto wa kochi, akamgeuza, akamkung'uta upande wa pili. Kumbe ndiyo maana sebule inang'aa tangu jana! Ningegeuka mara moja tu. Lakini adabu.
Kapteni alipoweka mikono kiunoni, Shemeji alishusha miguu yake kutoka mezani bila kujijua. Halafu akaduwaa. Akasema huyo mcheza karate ndiye aliyemzaa. Alicheka mpaka akashikilia kabati. Nimemsihi asiseme. Kakubali, ila jina lake litangulie langu kwenye skrini ya kwanza. Mnyang'anyi!

Alhamisi, 6 Juni
Mpango mpya: kuzidisha kasi mara tatu, watu wadhani ni karate. Sasa Kapteni anakunja nguo kama aliyevamiwa na nyuki. Nikaongeza milipuko. Anakung'uta majivu. Mke wangu kachungulia, kamtambua mama yake papo hapo, kanitaka nikamweleze ukweli leo leo. Akanikumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba mimi nataka ifike Ijumaa tu. Hakucheka.
Mezani Mama mkwe kauliza magoti yake yameonekanaje. Nikasema mazuri mno. Kwa furaha akanipakulia mara ya pili. Nilikula kwa aibu, lakini nilimaliza.

Ijumaa, 7 Juni
Mwongozaji kafika, na kasi imerudi ya kawaida kwa sababu ile kubwa iligandisha kompyuta. Akacheza. Kapteni akaokota, akakunja. Nikaanza kuziwaza printa. Ndipo Kapteni akamnyooshea kidole roboti mkubwa kuliko wote, yule wa mizinga sita, kama mtu anayemwuliza kwa nini hajanawa. Mwongozaji akaangua kicheko. Akasema kwenye filamu alishindwa kabisa kumwonyesha mtu asiyeogopa, na huyu hapa hana hata nafasi ya kuogopa, ana kazi zake! Kaipenda! Ila mwenye miondoko aridhie kwa kinywa chake, leo. Asiporidhia, hakuna gemu.
Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaitazama skrini weee, kisha akauliza, "Mkwe wangu, yule si mimi?"
Nikageukia ukutani.
Shemeji akamwambia ndiye. Akauliza, na magoti je? Nikauambia ukuta kwamba kuhusu magoti sijui lolote. Akatua sinia. Akasema ujana wake aliruka mitaro na mzigo kichwani. Ningemwomba aruke, angeruka. Kilichomuudhi ni kufanywa mtoto. Akaniamuru nigeuke. Nikageuka, nikaomba radhi. Akanitazama, akatikisa kichwa, akanipa kikombe cha kwanza kabla ya mgeni. Karidhia! Kwa sharti moja: kituoni pawekwe ufagio, maana maroboti wale wanaishi pachafu.

Jumamosi, 8 Juni
Ufagio umeingia. Jina la Mama limetangulia yetu sote wawili, na Shemeji kanuna; hilo pekee lingenitosha. Wiki hii imenifunza mengi kuhusu ukweli. Mwongozaji sasa anataka Mfalme wa Maroboti, mzee mzito anayeinuka kitini kwa kuguna. Baba mkwe anawasili kesho. Nimeshampigia simu kwamba tumepata vifaa vipya vya kupima presha. Kafurahi sana, masikini. Nami nitageukia ukutani, bila shaka. Adabu ni adabu.