Kuku Wangu Kuitwa Samaki

Ujiji, Kigoma

Ndugu Mkuu wa Maabara ya Vyakula,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe kwa sasa imenipungukia.

Mimi ni Eliakimu, muuza supu ya kuku. Mwezi uliopita jirani yangu Wema, fundi cherehani, alikunywa bakuli moja hapa kwangu akavimba midomo, pumzi zikambana, akakimbizwa hospitali kwa bajaji. Wema ana mzio wa samaki. Kwangu huja kwa kuwa nauza kuku tu. Ndipo mtafiti wenu, Dada Astérie, alipokuja na mashine. Alidondosha supu kwenye kioo chenye chembe za dhahabu, zilizopakwa chambo cha kunasa protini ya samaki, akamulika mwanga usioonekana. Kompyuta ikachora mstari uliopanda kama kilima. Akaniambia taratibu, mbele ya wateja, "Mzee, humu kuna samaki."

Nalalamika ifuatavyo:

1. Mwanga usioonekana hauwezi kuwa shahidi. Hata mahakamani shahidi husimama watu wakamwona.

2. Dada Astérie anasema kila protini hunyonya mwanga huo kwa namna yake, na dhahabu huikuza alama hiyo hata ikiwa ndogo mno. Basi kosa ni la dhahabu. Anayekuza mambo, mtaani kwetu tunamwita mmbeya.

3. Sufuria ile ya supu mke wangu Leonia huchemshia migebuka jioni, nami huisuuza asubuhi. Samaki aliyeliwa jana ana haki gani ya kuhesabiwa leo?

4. Kama mabaki yanahesabika, lipimeni Ziwa Tanganyika lote, maana maji ya supu nateka humo. Mkilikuta na samaki, lifungeni kabla ya kibanda changu.

5. Wateja sasa wananiita Kuku wa Ziwani. Wema amepona, namshukuru Mungu, lakini hupita upande wa pili wa barabara, na shikamoo yake inanifikia imepoa.

Kwa hiyo naomba mashine hiyo ipigwe marufuku Ujiji nzima, na kile kilima kisawazishwe.

Wasalimie wapimaji wote, mlinzi wa geti, na Dada Astérie pia, ila yeye kwa ufupi.

Mlalamikaji wenu mtiifu,
Eliakimu

N.B. Mleta barua amebeba chupa ya supu iliyopikwa kwenye sufuria mpya, ambayo mgebuka hajawahi kuigusa. Naomba ipimwe haraka, kwa mashine ileile; nyingine siiamini. Wema amesema hatatia kijiko mdomoni mpaka dhahabu inyamaze.