Saturno Kwenye Mahari ya Noëlla

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Matusi! Dada yangu Clotilde amemchagua Lambert awe msemaji wa familia siku ya mahari ya binti yake Noëlla. Lambert! Mdogo wetu wa mwisho, muntu ambaye akisimama mbele ya watu watano magoti yake yanaanza kuimba. Na minye Théodore je? Minye niliyesoma seminari miaka miwili (wiki sita, lakini wiki za zamani zilikuwa ndefu). Minye niliyekutana na chatu njia ya Buluo nikamsemesha mpaka akaona haya, akarudi shimoni mwake kinyumenyume.

Nimeambiwa nitakaa mstari wa pili. Karibu na mbuzi.

Mahari ni Jumamosi. Tutaona. Nimenunua karanga sokoni ili nitulize moyo. Haukutulia.

Jumanne, tarehe 5

Habari mbili, zote nzuri kwangu.

Ya kwanza: familia ya Divin, huyo mchumba, itasemewa na Mwalimu Camille, mzee aliyefundisha Kilatini kule Mulungwishi miaka thelathini. Clotilde aliposikia alishika kichwa. Lambert alikohoa.

Ya pili: karatasi ya karanga! Mama Hortense, muuzaji, amechana kitabu kizima cha Kifaransa ili afungie karanga zake. Karatasi yangu inaeleza miungu ya Wagiriki na Waroma wa kale, na Jupita mkuu wao. Nimeisoma mara nne, juu ya chumvi na mafuta. Mwanzoni hakukuwa na kitu ila Khaosi, yaani shimo kubwa la giza, kama shimo la mgodi wa Kambove taa zikizimika. Humo akatokea mama Dunia. Dunia akamzaa Mbingu, halafu akaolewa naye. Hapo niliona mpiga chapa amekosea. Nikaruka mstari.

Nikaenda moja kwa moja kwa Clotilde. Nikamweleza kwamba muntu wa Kilatini anajibiwa na muntu wa Jupita. Akauliza Jupita ni nani, anakaa mtaa gani. Nikamjibu kwa sauti ya seminari kwamba asiyemjua Jupita asithubutu kupokea wakwe.

Saa kumi nilikuwa msemaji. Lambert amepewa kazi ya kushika mbuzi.

Jumatano, tarehe 6

Karanga asubuhi, karanga mchana, karanga jioni. Tumbo limeasi. Lakini mavuno!

Karatasi moja ni ya Saturno, mfalme wa kale. Wakati wake watu hawakulima, hawakuugua, hawakufunga milango. Asali ilidondoka mitini. Mfalme wa namna hiyo! Nimeamua: nitamfananisha na marehemu babu yetu.

Karatasi nyingine ni ya harusi ya Jupita, mwana wa Saturno, na Juno. Miungu yote ilialikwa. Dunia mwenyewe alileta zawadi, mti unaozaa matofaa ya dhahabu. Sisi tunaleteana masufuria. Hiyo nayo imeingia kwenye hotuba.

Ya tatu ilikuwa orodha ya sura tu, na karanga zake mbovu.

Nikiwa pale kwa Mama Hortense, nani anafika? Lambert. Naye ananunua. Nikasoma kichwa cha habari kwenye karatasi yake, kwa mbali, kwa jicho moja: Saturno na Watoto Wake. Ile ile ninayoihitaji! Nikamfuata. Akapanda pikipiki ya kukodi, akapotea, akitafuna.

Alhamisi, tarehe 7

Kwa Lambert alfajiri. Nikamwomba karatasi kwa upole, nikimshika kola. Akasema: «Yaya, kaka yangu, ile karatasi? Niliwashia makala ya jiko.» Nikamwambia ameteketeza chuo kikuu. Akauliza kama ninataka majivu.

Nikakimbia sokoni. Mama Hortense amemaliza kitabu. Sasa anafungia hesabu za darasa la tano.

Haidhuru. Mfalme aliyelisha dunia nzima bila jembe angeshindwa kulea watoto wake? Sehemu hiyo nimeiandika mwenyewe. Imetoka vizuri kuliko kitabu.

Ijumaa, tarehe 8

Mazoezi mbele ya kioo. Koti la bluu. Noëlla akaingia, akasikiliza hadi kwenye asali, akanisihi minye mjomba wake: «Tonton, sema tu karibu, bakule, bakunywe, basi.» Macho yake yalikuwa mekundu. Anasema miaka mitatu anangojea kesho, na Mama Kabedi, mama yake Divin, alikubali kwa shida sana. Neno moja baya tu, atabeba mkoba wake arudi.

Akauliza kama nimesoma kitabu chote. Nikamjibu kwamba mwenye akili akiona mkia anajua ni simba.

Akasema hata mbuzi iko na mukia.

Watoto wa siku hizi hawana mafumbo.

Jumamosi, tarehe 9

Kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira, si aibu.

Wakwe walikaa upande wa ukuta, sisi upande wa mlango. Mama Kabedi mbele kabisa, kilemba kirefu kama mnara wa kanisa. Kando yake Mwalimu Camille, mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikasimama. Nikaanza na Khaosi. Mama Kabedi akanong'ona kuuliza siku hiyo Mungu alikuwa wapi. Nikasonga mbele. Nikasema babu yetu alikuwa Saturno wa Likasi, na alitulea sisi kama Saturno alivyolea watoto wake. Nikasema Divin ni Jupita, Noëlla ni Juno, na ndoa yao iwe kama ile. Makofi! Clotilde alitokwa na machozi ya kweli. Kama ningeketi hapo, leo ningekuwa mbunge.

Sikuketi. Nilimkaribisha Mwalimu aulize swali.

Akauliza, taratibu, huyo Saturno aliwafanya nini watoto wake.

Nikajibu kwamba aliwapenda mno. Aliwaweka ndani hata majirani hawakuwaona tena.

Akasema ndiyo, ndani. Ndani ya tumbo. Kila mtoto alipozaliwa, alimmeza.

Hapa kwetu kula mtoto si hadithi ya kitabu. Ni ulozi. Familia inavunjika kwa neno hilo. Mama Kabedi akasimama wima: «Babu yenu alikuwa anakula batoto, na munasema mbele ya bantu?»

Nikapaza sauti kwamba babu yetu alikula bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi tu, mashahidi wapo! Nikaona nigeuze njia. Nikawaomba tumwache Saturno, tuwatazame Jupita na Juno, wale ni watu safi.

Mwalimu akavua miwani. Akasema, nadhani kwa huruma, kwamba wale ni kaka na dada. Baba mmoja, mama mmoja.

Mikoba ikashikwa. Mama Kabedi akatangaza kwamba mtoto wake haingii katika ukoo wa walozi wanaooa dada zao. Shangazi watatu walikuwa tayari mlangoni. Divin alisimama katikati kama nguzo ya umeme iliyoibiwa waya. Clotilde alinitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Halafu Noëlla! Bibi harusi anakaa chumbani mpaka aitwe, ni desturi. Yeye alitoka bila kuitwa. Akaja mbele yangu, akanyoosha mkono, akaomba kitabu. Nikamwambia kiko kichwani. Akatia mkono mfukoni mwa koti langu, akavuta karatasi zangu tatu zenye mafuta, na maganda ya karanga yakamwagika miguuni pa wakwe. Akapiga magoti mbele ya Mama Kabedi.

«Mama, tonton wangu hakusoma kitabu. Alikula karanga.»

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akishika ukuta. Wakafuata shangazi. Mama Kabedi alibana midomo, akabana, kilemba kikaanza kutikisika, kisha akaketi kwa kishindo, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akamwinua Noëlla, akasema mutoto huyu iko na akili ya watu wawili, bila shaka alichukua na ile ya mjomba.

Wivu wa kawaida.

Lambert akasimama na kamba ya mbuzi mkononi. Akasema maneno matatu: karibuni, kaeni, tule. Makofi kuliko yangu! Maneno matatu! Kasuku anayajua.

Mahari imepokelewa. Kazi yote nimeifanya minye. Lambert alifunga mlango tu.

Jumapili, tarehe 10

Kanisani wananiita Papa Saturno. Nilifungua kinywa kupiga mwayo, watoto wa kwaya wakakimbia.

Jumatano, tarehe 13

Clotilde amegawa kazi za harusi. Msemaji: Lambert. Minye: kulinda kreti za bia na pipa la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilikataa kwa heshima, kwa sauti iliyofika barabarani.

Mwalimu Camille alikuwa anapita kusalimia. Akaniambia nisikasirike, hata kwa Jupita kulikuwa na mmoja wa kuwamiminia miungu kinywaji, na wengi wangetamani kiti chake. Ha! Amekiri mwenyewe!

Nimemwita Noëlla atafute jina kwenye simu. Ganimede. Mwana wa mfalme, mzuri wa sura kuliko binadamu wote. Jupita alipomwona tu, alimtuma tai ambebe hadi mbinguni. Noëlla akaanza: «Tonton, ngojea, iko na sehemu ingine, Juno alimuonea wivu kama muke mwenzake...»

Nikamwambia azime simu. Inatosha.

Hotuba imefika kurasa tatu. Nitaisema nikiwa nimesimama juu ya kreti, mbele ya wakwe wote, pamoja na Mama Kabedi. Inaanza hivi: Wapendwa, tai alinichagua minye.