Safari ya Beni na Mtu Mmoja Mwenye Buti

Jumatano, tarehe 2 Julai

Msiba. Jokébed amefaulu.

Leo shule imesoma matokeo. Binti yangu, ambaye mwaka mzima hesabu zilimpiga chenga, ametoka wa pili darasani. Wazazi wengine walicheza. Mimi nilipiga makofi kama aliyefiwa. Maana mwezi wa kwanza, nikiwa nimeshiba, nilitamka mbele ya mashahidi kwamba akifaulu nitapeleka familia nzima Beni. Kutembea mjini! Joto badala ya baridi hii ya Butembo! Hoteli yenye piscine, bwawa la kuogelea! Na zaidi ya yote Koko Kahongya, mama wa mke wangu, ambaye hajawahi kumbeba mtoto wetu mdogo Manassé. Ukiwa mwezi wa kwanza, mwezi wa saba ni mbali sana. Na hesabu zake zilikuwa mbaya kweli. Nilijiona salama.

Niandike hapa, maana daftari halina mdomo: naogopa barabara ya Beni. Naanza kuiogopa nikiwa bado mtaani kwetu Kimemi, kitandani. Naogopa mteremko wa Kabasha, kona zake, migomba yake iliyonyamaza. Habari za barabara ile, za waasi na magari yaliyochomwa, huingia dukani kwangu kila wiki, na kila wiki namshukuru Mungu kwamba nauza magodoro. Godoro halimtumi mtu safari.

Mwaka jana siku ya kuondoka nilipatwa na malaria. Mwaka juzi, mgongo. Leo Christa, mke wangu, amesema hataki kusikia tena. Kama uko na malaria, kasema, utaugulia Beni, kule pia kuko dawa. Na nisipokwenda, yeye na watoto watapanda kamiyo, lori la Gamaliel.

Gamaliel! Jirani yetu. Kila wiki anapeleka viazi Beni na kurudi na mafuta ya mawese, akipiga mluzi. Mtu gani anapanda Kabasha akipiga mluzi? Familia yangu ipandishwe na huyo, mimi nikiwa hai, Kimemi nzima ikitazama? Hapana. Safari hii lazima ife yenyewe, bila mkono wangu kuonekana.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Mpango wa kwanza: utalii wa nyumbani. Nilivaa kofia na kutangaza kwamba mtu mwenye akili huanza kwa kuutembelea mji wake. Nikawazungusha kutwa nzima katika vumbi. Niliwaonyesha rond-point, mzunguko wa barabara. Niliwaonyesha soko. Niliwaonyesha duka langu na kueleza historia yake tangu msingi. Manassé akalala. Jokébed, kwa adabu zote, akaniambia: "Papa, lakini hapa njo kwetu."

Christa aliketi juu ya godoro la dukani na kuuliza kama hiyo ndiyo hoteli. Wakati huohuo akapita nani? Gamaliel. Akatuuliza watalii hawa wametoka nchi gani. Kisha mluzi.

Ijumaa, tarehe 4 Julai

Mpango wa pili. Huu una akili.

Mbele ya duka langu Mama Bénite anakaanga mandazi. Habari ikiingia katika karai lake asubuhi, mchana iko sokoni. Tena anaimba kwaya moja na Christa, na leo jioni ni mazoezi. Nikipanda neno moja, dogo, litafika kwa mke wangu kupitia mdomo wa mwingine. Christa ataogopa. Atasema tusiende. Mimi nitahuzunika kidogo mbele ya watoto, halafu nitalala usingizi.

Nilinunua mandazi. Nikainama. Nikasema nimesikia kwa mtu, ambaye naye kasikia, kwamba kwenye kona ya Kabasha ameonekana mtu mwenye buti.

Nilikuwa na kiasi! Mtu mmoja tu. Silaha sikumpa. Buti zenyewe za mpira, kila mkulima anazo. Ukitazama vizuri si uongo, ni kutabiri.

Mama Bénite aliacha mandazi yakaungua. Dalili nzuri.

Jioni Christa alirudi kutoka mazoezi na kuanza kupanga nguo za safari.  Nikadodosa. Kumbe Mama Bénite hakufika kwaya. Alikuwa na watu wengi wa kuwaona.

Jumamosi, tarehe 5 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi mteja aliyekuja kupima godoro aliniambia Kabasha wameonekana watu kumi wenye buti. Nilicheka moyoni. Mtoto wangu anakua! Baadaye mwenye pikipiki akasema ni arobaini, wameshafika Maboya, upande wetu, na bunduki wanazo. Nikaacha kucheka. Halafu Mama Bénite mwenyewe akaja mbio kuniambia, mimi!, kwamba wamekaribia mjini, na mbona duka langu bado liko wazi?

Najua aliyemvalisha yule mtu buti ni mimi. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nani alilisema? Mimi. Basi lipo! Au laja! Na nani atakuwa amekaa mlangoni likifika?

Nikafunga duka. Jirani wa kushoto akaniona nafunga, akafunga. Wa kulia akamwona wa kushoto. Kufumba na kufumbua barabara ikawa tupu kama siku ya ville morte, mji mzima unapogoma. Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Nikakimbia nyumbani, na njiani nikapitwa na watu waliokuwa wakikimbia kwa kuniona mimi nakimbia.

Nyumbani nilimkuta Jokébed chini ya meza. Amemkumbatia Manassé, amemziba mdomo kwa kiganja ili asilie. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Watoto wa huku wanajua. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa, Koko alikufa?"

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Niliona haya. Nikaingia naye chini ya meza.

Christa alimpigia mama yake. Simu imezimwa. Akapiga tena na tena. Kisha akasimama katikati ya nyumba, macho makavu, akasema sasa si mambo ya kutembea wala piscine. Jumatatu tunateremka Beni kumtoa mama, tumlete hapa, likitukuta litukute pamoja.

Yaani uongo niliotunga ili tusiende ndio unaotupeleka! Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi naingia na familia.

Jumapili, tarehe 6 Julai

Maduka yamefunguliwa nusu. Hakuna aliyeona buti yoyote, na hiyo yenyewe imewatisha watu zaidi. Wanasema wamejificha.

Kanisani Christa aliomba maombi ya safari. Mchungaji akaniita mbele. Akaniwekea mkono kichwani na kusema tazameni mwanaume, wengine wanafunga milango, yeye anamfuata mama mkwe wake bondeni. Kina mama walilia. Nilitoa machozi pia. Yangu yalikuwa ya kweli.

Nje, tumaini. Gamaliel amegoma! Kasema wiki hii haendi, viazi vioze. Gamaliel anaogopa! Furaha niliyoisikia haielezeki. Bila kamiyo hakuna safari, na lawama zote kwake. Nikajisahau. Nikapandisha kifua na kumwambia kwa sauti kubwa, watu wakisikia, kwamba ni huruma sana, maana mimi, Abdias, nilikuwa tayari kuondoka hata leo.

Gamaliel alinitazama. Akainamisha kichwa. "Kama Abdias anaenda," kasema, "mimi njo nani nibakie?"

Watu wakapiga makofi. Mdomo wangu huu!

Jumatatu, tarehe 7 Julai. Beni

Tumefika. Niandike polepole, moja baada ya jingine.

Nilipakia magodoro mawili. Nilimwambia Christa ni zawadi ya mama yake. Kweli yake, nililala juu ya viazi, godoro moja chini, moja juu yangu. Christa na watoto walikaa mbele na Gamaliel. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna gari lililopanda kutoka Beni. Gamaliel hakupiga mluzi hata kidogo, na sasa niliutamani ule mluzi wake kama dawa.

Kabasha. Nikachungulia pale konani, mahali palepale nilipomweka yule mtu. Mtu amesimama. Amevaa buti!

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Ni yeye! Ni yeye! Nikazama chini ya godoro. Gamaliel akakanyaga breki, viazi vikanifunika. Nilimwomba Mungu awalinde watoto, kisha Christa, kisha mimi, kisha nikamwomba abadilishe mpangilio.

Mtu mwenye buti alikuwa anauza kabichi. Christa alinunua mbili. Yule mtu akawauliza: "Munatoka Butembo? Banasema kule batu ba mabote balishaingia, mji unawaka." Mabote, yaani buti zilezile, zimetutangulia! Ndiyo maana hakuna anayepanda. Anashangaa tumeponaje.

Nilitoka chini ya viazi. Jokébed alinitazama kupitia dirisha la nyuma. Gamaliel alikaza midomo yake, si kwa mluzi bali kwa kicheko.

Lakini si hilo lililonitisha zaidi. Tulipofika kwa Koko Kahongya mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, mzee Kasonia, alishika kichwa kutuona. Kasema jana habari ilifika kwamba Butembo inaungua. Mama hakulala. Leo alfajiri alikodi pikipiki akapanda, peke yake, kwenda kuwatoa binti yake na wajukuu.

Yuko barabarani! Mwanamke wa umri ule, juu ya pikipiki, anaelekea kwenye moto nilioutunga mimi. Simu yake huizima ili isichoke. Huenda tulipishana naye, amejifunika uso kwa vumbi. Mimi ningemwona? Nilikuwa chini ya godoro.

Christa aliketi kwenye ngazi za mama yake. Nilikaa kando yake. Kwa mara ya kwanza niliogopa kwa ajili ya mtu ambaye si mimi, na woga huo ni mzito zaidi, hauna mahali pa kujificha. Nilisema moyoni: akifika salama, nitasema yote. Yote!

Jua likishuka simu ililia. Koko! Yuko Butembo tangu mchana, ndiyo kwanza kawasha simu, amekaa kwenye mlango wetu, mkali kama pilipili. Anauliza moto uko wapi na sisi tuko wapi. Christa alilia, akacheka, akalia. Akamuuliza kama hakuogopa. Simu ilisikika hadi uani: "Mimi siogopake mutu wa mabote! Hata baba yenu alikuwa nayo!" Kisha akaamuru tubaki tutembee kama tulivyopanga. Yeye atatungojea. Amempata mama mmoja wa mandazi, ana hadithi nzuri.

Basi Koko amefika salama. Kuhusu ile ahadi, nimefikiri. Sikutaja siku.

Jumanne, tarehe 8 Julai. Beni

Piscine haikuwa na maji, wanaiosha. Watoto walicheza na mpira wa kumwagilia maua na wakafurahi vilevile. Joto. Jokébed alilala kwenye nyasi, amefumba macho, mikono wazi. Nilimtazama na nikasema hii barabara ina thamani yake.

Lakini usiku huu silali. Sasa nimelikumbuka lile neno. Mama wa mandazi. Mama Bénite!

Jumatano, tarehe 9 Julai

Tumerudi. Gamaliel anapiga mluzi mpya, mrefu, unaopanda juu na kumalizikia kwa ukelele. Watoto wote wa mtaa wameshaushika.

Koko Kahongya alimbeba Manassé, akamlilia, akamtemea baraka. Wasingya, wasingya, alimwambia Christa, asante kuja kunitafuta. Mimi alinisalimia kwa heshima kamili, nami nikainamisha macho kama mkwe anavyopaswa. Nikapumua.

Baada ya chakula alinifuata uani, peke yangu. Mkononi ana buti za mpira, mpya, za soko la hapa. Akaziweka miguuni pangu taratibu.

"Papa Jokébed," kasema, "mutu wako alisahau hizi."

Mama mkwe hajibiwi. Nikaziokota. Kasema hatamwambia Christa, wala kanisa. Lakini amechoka na safari. Anapumzika hapa mpaka shule zifunguliwe, na kila asubuhi atapenda kuniona nikienda dukani nimezivaa.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimezivaa. Zinabana. Christa ameniuliza kwa nini, na hakuna mvua. Nimesema ni mtindo wa Beni.

Koko amechagua godoro langu bora kuliko yote. Anauliza maswali. Anauliza kuhusu malaria ya mwaka jana, na mgongo wa mwaka juzi. Shule zinafunguliwa mwezi wa tisa! Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wahenga, lakini kwangu kicheko kinanipita mlangoni kila asubuhi na mluzi.

Nimefikiri kwa makini. Kosa langu lilikuwa moja: zile buti. Bila buti watu wasingetishika hivyo.

Leo mchana nimenunua mandazi kwa Mama Bénite. Nikainama. Nikasema nimesikia kwa mtu kwamba huko Beni yuko mwizi anayevunja nyumba za wazee waliosafiri. Mwizi mmoja tu. Mdogo. Na safari hii nimemwacha peku.